Mwongozo kamili: Jinsi masikio mawili yanavyofuata sauti inayosogea, na namna ya kujipima ukiwa nyumbani

Keti barazani, fumba macho, kisha umwombe mtu apite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia huku akitikisa shada la funguo. Utaweza kumfuata kwa kidole hatua kwa hatua, na utakapofumbua macho utakuta kidole hakikuachana naye sana. Sasa mwombe aende mwisho wa ua, kisha aje moja kwa moja kuelekea usoni mwako, akitikisa funguo zile zile. Hapo utasita. Utajua kwamba anakuja, lakini ukiulizwa amebakiza hatua ngapi utakosea, na pengine utakosea sana.

Tofauti ya majaribio hayo mawili ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Masikio yetu ni hodari wa kufuata sauti inayopita kando, na ni dhaifu katika kupima sauti inayotujia, ilhali barabarani kinachoua ni kile kinachokuja. Nimefundisha fizikia ya sekondari kwa muda mrefu, na nimewaona wanafunzi wanaokokotoa kasi ya sauti bila kosa wakivuka barabara kwa kutegemea sikio kama vile sikio lina macho. Ningependa kila mmoja wao apitie hatua hizi angalau mara moja, akiwa mahali salama, ili aujue uwezo wake na mipaka yake.

Vifaa

Tafuta mpira mwembamba wa maji wenye urefu wa mita 1 au zaidi kidogo. Ule ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia usawa wa maji kwenye msingi unafaa kabisa. Tafuta pia kalamu ya wino, chaki au majivu, kamba ya mita 2, kigoda, kitambaa cha kufunga macho, fimbo nyepesi, sarafu, daftari na shada la funguo. Unahitaji msaidizi mmoja mwenye subira. Fanya kazi hii asubuhi mapema kabla mtaa haujachangamka, kwenye uwanja ulio wazi, mbali na ukuta.

Kinachopimwa ni nini

Jicho hupokea picha ambayo tayari ina kulia na kushoto. Sikio halipati kitu kama hicho. Kiwambo cha sikio huenda ndani na nje tu, na katika mtikisiko huo hamna ramani. Upande wa sauti, kwa sehemu kubwa, hupatikana baadaye, katika shina la ubongo, pale habari za sikio la kulia na za sikio la kushoto zinapokutana na kulinganishwa.

Ulinganisho huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni wakati. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Sauti inayotoka kulia kabisa hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha hulazimika kuzunguka kichwa kabla ya kulifikia la kushoto, safari ya ziada ya sentimita 22 hivi kwa mtu mzima. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 0.65, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao masikio yako yanaweza kuachana. Sauti ikiwa mbele ya pua, tofauti ni sifuri. Mtu mwenye masikio mazima anaweza kutambua tofauti ya mikrosekunde 10 tu (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), na kwa kuwa upande wa mbele kila nyuzi moja ya pembe huleta karibu mikrosekunde 9, si ajabu kwamba katika maabara binadamu hutambua sauti iliyohama kwa takriban nyuzi 1.

Sehemu ya pili ni nguvu. Kichwa huikinga sauti kama mti unavyokinga jua, na sikio lililo upande wa pili hupata sauti hafifu. Kinga hiyo hufanya kazi kwa sauti nyembamba, ambazo mawimbi yake ni mafupi kuliko kichwa, na tofauti inaweza kufika desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Sauti nene hukizunguka kichwa kana kwamba hakipo. Ndiyo maana ubongo hutegemea zaidi wakati kwa sauti zilizo chini ya hezi 1,500 hivi, yaani mitikisiko 1,500 kwa sekunde, na nguvu kwa zile zilizo juu zaidi. Mwingereza Lord Rayleigh, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1904, ndiye aliyeyaweka mambo haya mawili pamoja katika maelezo yake ya mwaka 1907. Sauti iliyochanganya unene na wembamba, kama ya funguo zinazogongana au matairi kwenye changarawe, hupatikana kwa urahisi kuliko mlio mmoja mtupu, kwa sababu inaupa ubongo njia zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: sauti inayotembea ndani ya kichwa

Anza na mpira, kwa kuwa unaonyesha tofauti ya wakati peke yake. Pima urefu wake, tia alama ya wino katikati kabisa, kisha tia alama nyingine kila baada ya sentimita 1 kwenda kila upande hadi ufike 15. Shika ncha moja kwenye tundu la sikio la kulia na nyingine kwenye la kushoto. Gusisha tu, usisukumize ndani. Mpira upite nyuma ya kichwa chako, na msaidizi asimame nyuma.

Mwambie agonge kwa kalamu kwenye alama ya katikati, polepole na kwa nguvu ile ile kila mara. Utasikia mlio wa kugonga umekaa katikati ya kichwa. Kisha agonge sentimita 1 kulia. Njia ya kulia imepungua sentimita 1 na ya kushoto imeongezeka sentimita 1, kwa hiyo tofauti ni sentimita 2, sawa na mikrosekunde 58. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu sauti husogea waziwazi kuelekea kulia ingawa ugongaji haukubadilika hata kidogo. Jaribuni nusu sentimita. Nimeona wanafunzi ambao hawajawahi kujifunza lolote la masikio wakipatia nusu sentimita mara nyingi mfululizo.

Baada ya hapo msaidizi aache kugonga, aukwaruze mpira kwa ncha ya kalamu, akianzia sentimita 15 kushoto na kwenda taratibu hadi sentimita 15 kulia. Sikiliza kwa makini, kwa sababu sauti haitembei muda wote. Mwanzoni itakaa kwenye sikio la kushoto kana kwamba kalamu imesimama. Kalamu ikifika kama sentimita 11 kutoka katikati, sauti itaanza kuondoka, itavuka kichwa, na itatua kwenye sikio la kulia kabla kalamu haijamaliza safari. Sentimita 11 kila upande ni tofauti ya sentimita 22, ile ile safari ya kuzunguka kichwa tuliyoitaja. Zaidi ya hapo ubongo hauna mahali pa kuiweka sauti, kwa sababu kichwa chako hakijawahi kuwa kikubwa kiasi hicho.

Mwisho akwaruze huku na huku katikati ya mpira, kwanza mara moja kwa sekunde, kisha kwa kasi kadiri anavyoweza. Mwendo wa polepole utausikia ukienda na kurudi. Mwendo wa haraka utapotea, na badala yake utasikia sauti moja iliyotanuka, isiyo na mahali maalumu. Sehemu ya ubongo inayolinganisha masikio ni makini kupita kiasi katika kupima, lakini ni nzito katika kufuata mabadiliko. Likumbuke hili, kwani litarudi kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya pili: duara la uani

Weka kigoda katikati ya uwanja. Funga kamba ya mita 2 kwenye mguu wa kigoda na uchore nusu duara upande wa mbele kwa chaki au majivu. Kwenye mstari huo weka alama kila baada ya sentimita 35. Kila nafasi ni nyuzi 10 takriban, na kutoka mbele ya pua hadi ubavuni zitakuwa nafasi 9. Msikilizaji aketi, afungwe macho, na asigeuze kichwa. Msaidizi avue viatu, la sivyo mtakuwa mnapima nyayo zake, na azishike funguo kwenye usawa wa masikio ya msikilizaji.

Pimeni kwanza sauti iliyotulia. Msaidizi atikise funguo mahali pamoja, azifumbate zisilie, ahame kidogo, kisha azitikise tena, na msikilizaji aseme kama mara ya pili ilikuwa kulia au kushoto ya mara ya kwanza. Upande uamuliwe kwa kurusha sarafu, kwa sababu msaidizi akichagua mwenyewe atafuata mtindo fulani bila kujua, na msikilizaji ataunasa. Fanyeni mara 20 kwa kila umbali. Ukipatia 15 au zaidi unaweza kuamini kwamba ulisikia kweli, maana kubahatisha tu huleta matokeo hayo takriban mara 2 katika 100. Anzeni na sentimita 35, kisha 20, kisha 10. Kisha msikilizaji ageuze kigoda ili eneo lile lile liwe ubavuni mwake, na mrudie. Matokeo ya ubavuni yatakuwa mabaya zaidi, na kwa wengi tofauti ni kubwa. Ubavuni kila nyuzi moja huleta badiliko dogo la wakati kuliko mbele, na ubongo nao hauko makini sana huko.

Sasa pimeni mwendo. Msaidizi achague umbali, atikise funguo mfululizo huku akiusogeza mkono kwenye mstari, kisha asimame na kunyamaza. Ndipo msikilizaji aseme sauti ilikwenda wapi. Usimtake anyooshe mkono wakati sauti ingali inasogea, kwa sababu utakuwa unapima wepesi wa mkono pamoja na sikio, na hutaweza kuvitenganisha. Jaribuni mwendo wa taratibu, nafasi moja kwa sekunde 2, kisha mwendo wa kasi, nafasi zote 9 kwa sekunde moja au vipande vya mwendo huo. Mtagundua kwamba sauti ya kasi inahitaji kusafiri pembe kubwa zaidi kabla ya msikilizaji kuwa na hakika. Ule uzito wa ubongo ulioonekana kwenye mpira ndio huu. Wataalamu bado wanabishana kama ubongo wa binadamu una seli za kupokea mwendo wenyewe, au kama hulinganisha tu mahali sauti ilipoanza na mahali ilipofika. Kwa mtu aliye barabarani jibu lolote lina maana moja, kwamba sikio linahitaji kupewa muda.

Hatua ya tatu: mbele au nyuma

Msaidizi asimame mara mbele kabisa, mara nyuma kabisa, na atoe sauti fupi mara moja tu, huku kichwa cha msikilizaji kikiwa hakitikisiki. Funguo zitapatikana kwa kiasi, kwa sababu mikunjo ya sikio la nje hubadilisha sauti nyembamba kulingana na zinakotoka. Mlio mtupu wa simu utaleta makosa mengi. Rayleigh mwenyewe, katika miaka ya 1870, alisimama uwanjani akiwa amefumba macho na wasaidizi wakiwa wamemzunguka. Sauti zao aliweza kujua zinakotoka, lakini kwa mlio wa uma wa sauti, kile chuma chenye ncha mbili kinachotoa mlio mmoja mtupu kikigongwa, alijua kulia na kushoto bila kujua mbele na nyuma. Sababu ni kwamba kitu kilicho mbele na kitu kilicho nyuma kwa pembe hiyo hiyo huyafikia masikio mawili kwa tofauti ile ile ya wakati.

Dawa yake ni shingo. Rudieni jaribio, safari hii sauti iendelee kwa sekunde 2 au 3 na msikilizaji ageuze kichwa taratibu kwenda kulia. Ikiwa sauti iko mbele, itahamia sikio la kushoto. Ikiwa iko nyuma, itahamia sikio la kulia. Makosa yataisha karibu yote. Mwanasaikolojia Hans Wallach alilithibitisha hili mwaka 1940, na mimi nalihesabu kuwa jambo lenye faida kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu halihitaji kifaa chochote na mtoto wa miaka 5 anaweza kulifanya.

Hatua ya nne: sikio moja

Msikilizaji abonyeze kile kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio la kushoto mpaka kizibe. Asiingize pamba ndani wala kidole. Rudieni duara. Karibu kila sauti itaonekana kuvutwa kulia, kwa upande wa sikio lililo wazi, na mwendo utageuka kuwa kupanda na kushuka kwa nguvu tu.

Niliwahi kulipata hili bila kulitaka. Mafua yaliziba sikio langu la kushoto kwa siku kadhaa, nami nikatoka dukani nikasikia bajaji kwa upande wa kulia. Niligeuka kulia, nikaona barabara nyeupe, nikaweka mguu mmoja kwenye lami. Bajaji ilikuwa kushoto, na dereva alikuwa amekwisha kukanyaga breki. Hakukuwa na kosa lake. Masikio yangu yalinipa jibu la uhakika, na lilikuwa jibu la uongo.

Hatua ya tano: kando ya barabara

Hatua hii ni ya kusikiliza tu, na huvuki. Simama mita 3 au zaidi kutoka mahali vyombo vinapopita, ukiwa na mtu anayeona, na mgeukie barabara. Chukua mfano wa pikipiki inayokuja kutoka kulia kwa kilomita 60 kwa saa, sawa na karibu mita 17 kwa sekunde, ambayo itapita mita 3 mbele yako. Ikiwa mita 80 kutoka kwako, iko karibu ubavuni kabisa. Ikifika mita 20, imehama nyuzi 6 tu, na imetumia sekunde 3 na nusu kufanya hivyo, tena katika eneo lile la ubavuni ambako duara limekuonyesha kwamba husikii vizuri. Kisha, kutoka mita 10 kabla yako hadi mita 10 baada yako, inafagia karibu nyuzi 147 kwa sekunde 1.2. Kwa hiyo mwendo wa upande, ambao masikio yetu yanaujua vizuri, hujitokeza wakati ambapo hakuna tena la kufanya.

Mabaharia wana kanuni: chombo ambacho hakihami upande huku kikizidi kukaribia ndicho kitakachokugonga. Barabarani isikilize sauti kwa namna hiyo hiyo. Sauti inayokua bila kuhama ndiyo yako.

Kukua kwenyewe kuna mpangilio wake. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Pikipiki yetu hutoka mita 80 hadi 40 kwa sekunde 2.4, kutoka 40 hadi 20 kwa 1.2, kutoka 20 hadi 10 kwa 0.6. Ongezeko ni lile lile, muda ni nusu kila mara, na ndiyo sababu sauti inayokuja huonekana kutulia kwa muda mrefu kisha kulipuka ghafla. Kwa bahati njema ubongo umeegemea upande wa tahadhari: utafiti wa John Neuhoff wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba sauti inayokua husikika kana kwamba imebadilika zaidi kuliko ile inayofifia kwa kiwango hicho hicho.

Usitegemee ule mshuko wa sauti unaosikika chombo kinapopita. Kwa kilomita 60 kwa saa sauti hushuka kwa asilimia 10 hivi, na mshuko mkubwa hutokea wakati chombo kiko mbele yako. Kabla ya hapo watu wengi hudhani sauti inapanda wembamba, kumbe inayopanda ni nguvu yake. Mshuko unakueleza kwamba chombo kimekwisha kupita.

Ukitaka kuvuka, basi, usisikilize kwa ubavu. Uelekeze uso mzima kulia, utulie kwa sekunde 2, uuelekeze kushoto, utulie tena, kisha urudi kulia. Huo ndio utaratibu wa Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, anza na kushoto. Kugeuza uso huiweka sauti katika eneo ambalo masikio ni makini zaidi, huondoa utata wa mbele na nyuma, na huyaleta macho mahali panapostahili.

Mambo yanayopotosha

Ukuta ni wa kwanza. Sauti ikifika mara mbili, moja kwa moja na kwa kurudishwa na ukuta, ubongo huufuata ule mwendo wa kwanza na kuupuuza wa pili, na kwa kawaida hilo hutusaidia. Lakini kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, pikipiki iliyo nyuma ya kona haina njia ya moja kwa moja ya kukufikia. Sauti yake hukujia kutoka kwenye ukuta ulio mkabala, na unajibana upande usiofaa. Kwenye kona za namna hiyo simama, uchungulie.

Vipokea sauti vya masikioni ni hatari hata ukivaa kimoja, kwa sababu ulinganisho unahitaji masikio mawili. Hatua ya nne imekuonyesha. Helmeti hufunika mikunjo ya sikio na upepo wake huzima sauti hafifu, na bado ni lazima ivaliwe, kwa hiyo dereva wa bodaboda atumie vioo na shingo kuliko masikio. Pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana Nairobi na Kigali, hazitoi ngurumo tuliyoizoea. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2016, inataka magari tulivu yatoe sauti ya tahadhari katika mwendo wa hadi kilomita 20 kwa saa, lakini inahusu magari ya magurudumu manne na zaidi, si pikipiki. Ningefurahi kuona serikali zetu zikilijaza pengo hilo.

Kuweka kumbukumbu

Andika matokeo ya duara kwa kila sikio na kila upande, pamoja na tarehe, na urudie baada ya miezi kadhaa, hasa kwa watoto waliowahi kutokwa na usaha masikioni. Ikiwa mtu anakosea upande mmoja tu kila mara, au sauti zote humvutika kwenda upande mmoja hata masikio yakiwa wazi, aende akapimwe usikivu kwa daktari wa masikio, pua na koo. Asitiwe mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni kabla ya hapo. Na sikio moja likizima ghafla, ndani ya saa chache au kwa kuamka asubuhi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu hufaa zaidi yakiwahi.